Kikohozi Nilichokificha Katika Chumba cha Meno

Nilificha kikohozi changu tangu mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi, mpaka baridi ya Julai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu, na ndilo linalonifanya niandike. Vijana wanaosomea kazi ya meno hunijia nyumbani siku hizi, maana wamesikia kwamba niliianza zamani. Wakishaaga, mara nyingine mmoja hubaki nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mtu akiugua katikati ya masomo afanye nini?" Chuo chao kina ofisi ya wanafunzi, kina zahanati, kina mshauri aliyewekwa maalumu kusikiliza. Na bado wanaogopa kubisha mlango. Siwalaumu. Mimi sikuwa na ofisi. Nilikuwa na watu watatu tu, na hata hao niliwaogopa.

Naitwa Wambeti. Nilizaliwa Kibugu, upande wa Embu, karibu na msitu wa mlima. Miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na watu wa msituni, ilinikuta Meru, katika hospitali ya misheni, ambako wasichana wanne na wavulana wawili tulikuwa tukifundishwa usaidizi wa meno: kuchemsha vyombo, kuchanganya dawa ya kuziba, kushika taa, kuchoma sindano ya ganzi, na mwaka wa mwisho kung'oa. Baba yangu alikuwa kizuizini, na hatukujua ni wapi. Mama alikuwa ametolewa shambani kwetu akatiwa katika kijiji kipya chenye handaki na lango, na kila asubuhi alitoka na wanawake wenzake kwenda kazi ya lazima. Mtu wa Embu hakuweza kufika Meru bila pasi yenye muhuri. Mimi nilikaa pale kwa nguvu ya barua moja ya hospitali iliyosema kwamba ni mwanafunzi. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa sikufikiria kifua changu. Nilifikiria ile barua.

Nilikohoa ndani ya kitambaa cha mdomo tulichovaa kazini. Nilikohoa nyuma ya jiko la kuchemshia vyombo, ambako maji yalitokota kwa kelele. Asubuhi shuka langu lilikuwa limelowa jasho, nami niliamka kabla ya wenzangu nikaliingiza chini ya blanketi likauke. Mshipi wa gauni niliusogeza tundu moja, kisha jingine, kisha nikatoboa tundu langu mwenyewe kwa sindano ya kushonea. Wenzangu walidhani ninajikondesha nipendeze. Nikawaacha wadhani hivyo.

Aliyenifichua alikuwa mgonjwa. Mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Kibirichia alikuja na gego lililovimbisha shavu lote. Nilikuwa nimemshikia taa, daktari amekwisha kuchukua koleo, mzee akaushika mkono wa daktari akausukuma pembeni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi niko na jino tu. Huyu msichana ndiye mgonjwa."

Daktari wetu wa meno alikuwa mzungu mrefu asiyependa maneno. Sisi tulimwita Bwana Meno, naye alijua. Alinitazama, akaona kitambaa changu kina doa jekundu. Alimng'oa mzee jino lake, akampa pamba aume, akanawa mikono taratibu, kisha akaniita nje tukasimama kwenye ngazi.

"Tangu lini?"

"Juzi, Daktari."

"Tangu lini, Wambeti?"

"Tangu njahi."

Akakaa chini pale ngazini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Miezi yote hiyo," alisema, "nimekuweka mbele ya midomo ya watu." Hakupaza sauti. Heri angepaza. Maneno hayo niliyabeba kuliko ugonjwa wenyewe, na mpaka leo sijayatua yote.

Kupigwa picha ya kifua ilibidi twende hospitali kubwa ya mjini. Nilipelekwa na Mama Kaari, mjane wa Kimeru aliyetunza bweni la wasichana. Tulimwogopa kwa sababu ya funguo zake na kwa sababu hakucheka. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka wakafunga. Siku ya pili vivyo hivyo. Askari alipita mara kadhaa akitaka vitambulisho, na kila mara aliposikia Kiembu katika Kiswahili changu aliniambia nisimame. Mama Kaari alisimama pamoja nami, akatoa barua ya hospitali kifuani mwake, akamsomea mwenyewe neno kwa neno, halafu akamwambia, "Umesikia. Sasa mwache akae, ni mgonjwa."

Siku ya tatu nilimwambia turudi, nimechoka.

"Tumekuja kukaa," alisema. "Kukaa ndiyo kazi ya leo. Kunywa uji."

Alikuwa ameuleta uji wa wimbi katika chupa iliyofungwa kwa sweta kuukuu. Alininywesha kwa kikombe changu peke yangu, kisha akakifunga katika kitambaa mbali na chake. Nilikiona kile kitambaa. Nilielewa kwamba alikwisha jua jibu la picha, na kwamba alikuwa ameamua kuja hata hivyo.

Ilikuwa kifua kikuu. Nikapelekwa wadi ya vifua, jengo refu la mbao juu ya kilima, nyuma ya hospitali yetu ya misheni. Madirisha yake hayakufungwa, kwa kuwa waliamini hewa ya mlima inasaidia. Ilikuwa Julai. Ukungu uliingia kwa dirisha moja ukatokea kwa lingine. Tulilala na kofia za sufu kichwani kama wachungaji.

Kulikuwa na sheria shuleni: ukikosa zaidi ya muhula mmoja, nafasi yako inakwenda. Bwana Meno alikuja siku ya kwanza akasimama mlangoni mwa wadi. Nilimuuliza habari ya nafasi yangu.

"Kamati itakaa," alisema. "Nitasema nitakayosema. Siwezi kukuahidi."

Nilikasirika kwamba hakuahidi. Baadaye nimewaona watu wengi wakiahidi vitu wadini kwa sababu ya huruma, na sasa namshukuru.

Tangu hapo sikuhesabu tena siku kwa kalenda. Nilihesabu kwa sindano. Moja kila asubuhi, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka makalio yakawa magumu kama papai bichi na muuguzi akawa anatafuta kwa kidole mahali pa kuingiza. Pamoja na sindano kulikuwa na vidonge vikubwa vichungu vilivyonigeuza tumbo. Kwenye sindano ya ishirini nilikuwa bado nakonda. Siku zangu za mwezi zilikoma, na hakuna aliyeniambia kama zitarudi, nami niliona haya kuuliza. Nywele zilibaki kwenye kofia nilipoivua. Karibu na sindano ya arobaini sikio la kushoto likaanza kulia kama sufuria inayokaribia kuchemka, na nilipoamka kwenda msalani sakafu ilibonyea chini ya mguu kama godoro. Nilidhani ni udhaifu. Nilimwambia muuguzi baada ya wiki mbili. Unaona, nilikuwa sijajifunza bado. Daktari wa vifua alisema ni dawa yenyewe, akapunguza sindano zikawa mara tatu kwa wiki, lakini sikio halikurudi. Kulia kukaacha. Kusikia nako kukaacha.

Mtu wa tatu alikuwa Kagendo. Tulikuwa tunalala vitanda vya jirani bwenini. Kwao ni Githongo, kwenye kahawa, na kakake mkubwa alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali. Baba yangu mimi alikuwa kizuizini kwa kushukiwa upande wa pili. Hatukuwahi kulizungumza. Watu waliotaka kuishi chumba kimoja miaka ile walikuwa na mambo mengi ya kutozungumza.

Kagendo alianza kuja wiki ya pili. Hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha, hatua nne hivi kutoka ukutani, leso imefunga pua na mdomo, daftari mkononi. Akasoma. Yale yote Bwana Meno aliyofundisha wiki hiyo aliyasoma, kwa haraka mno, bila salamu.

"Pole pole," nilimwambia. "Na sauti. Sisikii."

"Nikipaza sauti Sista wa wadi atanifukuza."

"Basi sogea."

"Naogopa, Wambeti," alisema.

"Najua."

Akasogea hatua moja. Hiyo hatua moja ilitutosha kwa miezi iliyofuata. Jumanne na Ijumaa, saa kumi, baada ya masomo. Wanawake wa wadi walijifunza pamoja nami. Mama mmoja wa Tigania, kitanda cha pili, alijua majina ya meno yote kabla yangu, na alipofariki mwezi wa tisa alikuwa bado anamuuliza Kagendo kwa nini gego la mwisho huchelewa kuota.

Mzee Salim alikuwa mfanyabiashara wa mjini, Mwislamu, aliyeleta viazi vya jikoni kwa lori lake. Yeye alikuwa na kibali cha kwenda mpaka Embu. Alipeleka habari zangu kwa mama yangu na kurudi na zake, na alizitoa kama alivyopewa, bila kupunguza makali. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Binti yangu, mama yako anakusalimu. Anasema ameomba pasi, wamemnyima. Ameleta nduma hizi. Anasema ukipata nguvu urudi nyumbani, shule basi."

"Alisema 'shule basi'?"

"Alisema zaidi. Mimi nimekuletea hayo."

Mama alipata pasi mvua fupi zilipoanza. Siku tatu, kwenda na kurudi. Nilimwona akipanda kilima nikafikiri ni nyanya yangu, alivyopinda. Mikono yake ilikuwa na sugu ya jembe la handaki, na alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele. Aliketi kwenye kiti walichomwekea mbali na kitanda, akanitazama toka kofia mpaka miguu.

"Hawa wamekumaliza," alisema kwa Kiembu. "Ulikuja mzima."

"Nilikuja mzima, Mama, nikaugua. Hawajanifanya kitu."

"Nyumbani wanasema umeuzwa kwa dawa za wazungu. Kila lango ninalopita wanasema. Baba yako hayupo. Kakako wamemchukua kazi huko chini kwenye mpunga. Mimi nachimba. Nitasema nini nikiulizwa mtoto wa mwisho?"

"Sema naumwa kifua, nadungwa sindano."

"Twende nyumbani. Ukifa, ufe nikikuona."

Nilikuwa na uchovu ambao sijui nitauelezaje, uchovu wa mtu ambaye kila anayempenda anamtaka mahali tofauti. Nilimwambia sindano hazipo Kibugu. Nilimwambia nikiacha katikati nitakufa kweli. Halafu nikasema neno ambalo ningelirudisha kama ningeweza: "Wewe unataka uwe na kaburi la kulia tu."

Akainuka. Aliacha kiondo cha ndizi kwenye kiti, akashuka kilima bila kugeuka. Mama Kaari alimkuta langoni, akamchukua bwenini akampa chakula, akamlaza kitandani kwake. Sikujua hayo mpaka miaka mingi baadaye. Mama Kaari hakuwa mtu wa kusimulia wema wake. Mimi na mama tulipatana baadaye, kwa maana ya kwamba tuliishi na kusaidiana mpaka mwisho wake, lakini siku hiyo hatukuitaja tena kamwe. Wewe unayeuguza mtoto, au unayeuguzwa na mzazi, jua kwamba hilo litakuja. Litasemwa neno. Halimaanishi hampendani.

Mwezi huohuo Kagendo hakuja Jumanne. Ijumaa pia hakuja. Nilidhani amechoka nami, na sikumlaumu sana. Kisha muuguzi akatuambia: kakake alikuwa ameuawa na watu wa msituni, karibu na kijiji cha Githongo, na Kagendo amepewa ruhusa kwenda kuzika.

Siku zile wadini sikula. Nilijiuliza atanitazama vipi, mimi mtoto wa mtu aliye kizuizini. Nilimwandikia barua tatu nikazichana zote. Nilijua harudi dirishani. Mimi nisingerudi.

Alirudi Jumanne ya wiki ya tatu, saa kumi. Alikuwa amenyolewa nywele zote. Alisimama palepale pake, daftari limefungwa, hakufunga leso. Nilifika dirishani nikishika kitanda kwa kitanda kwa sababu ya kizunguzungu.

"Pole, Kagendo," nilisema. "Pole sana."

Alitazama ardhi ya nje, pale matone ya paa yalipochimba mfereji. Nilifikiri, sasa atalisema lile ambalo hatukuwahi kulizungumza, na nitalisikiliza, maana ana haki.

Akafungua daftari.

"Leo ni taya la chini," alisema. "Mishipa ya fahamu." Akafuata mstari kwa kidole. "Sindano ya ganzi inaingia nyuma ya gego la mwisho..."

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Sikusikia nusu yake, kwa sikio na kwa machozi, na sikumwambia arudie. Hilo ndilo somo moja ambalo baadaye ilibidi nilisome upya peke yangu.

Sindano ya mwisho nilidungwa kahawa ikitoa maua meupe, baada ya mvua za kwanza za mwaka uliofuata. Picha ya kifua ilionyesha kovu lililotulia. Makohozi yalikuwa safi mara tatu mfululizo. Nilikuwa nimenenepa uso nikajiona mgeni kwenye kioo, na siku zangu za mwezi zilirudi, nikalia kwa furaha chooni nikiwa peke yangu.

Kamati ilikuwa imekaa bila mimi. Nafasi yangu haikufutwa. Ila nilirudishwa nyuma mwaka mzima, na kwa miezi sita sikuruhusiwa kusogelea kinywa cha mgonjwa. Nilichemsha vyombo, nilifua vitambaa, niliandika majina ya wanaongoja. Wanafunzi wapya walikaa mbali nami mezani. Kikombe changu kilikuwa na uzi mwekundu, wasikichanganye na chao. Kupona nako kunachosha. Watu hudhani ukitoka wadi umemaliza. Mimi jioni za miezi ile nilikuwa mchovu kuliko nilivyokuwa kitandani, kwa sababu kitandani hakuna aliyenitaka niwe mzima.

Niliporuhusiwa kushika koleo, kizunguzungu kilikuwa bado. Nikiinama na kuvuta, chumba kilielea. Safari hii sikungoja njahi ipite. Nilikwenda kwa Bwana Meno asubuhi ileile, nikamwambia siwezi kusimama imara, labda nitafutiwe kazi nyingine.

Aliuliza, "Ukiegemea kitu, unaweza?"

"Sijajaribu."

Alimwita fundi wa mbao. Wakapima urefu wa nyonga yangu kwa kamba, mimi nimesimama pale kama ng'ombe wa mnada, na kabla ya Ijumaa kulikuwa na upau wa mbao ya mvule umeinuliwa urefu huo na kukazwa sakafuni kando ya kiti cha wagonjwa. Niliegemeza nyonga, nikavuta. Chumba kilitulia. Wengine walianza kuutumia pia mwisho wa siku, miguu ilipowauma.

Mtihani wa mwisho ulikuja mwaka uliofuata. Mtahini alitoka Nairobi, bwana mnene mwenye saa ya mfukoni, hakutujua na hatukumjua. Kagendo alikuwa amekwisha kupata cheti chake na kupelekwa kazini kwingine. Mgonjwa wangu alikuwa mama wa makamo, gego la chini, upande wa kulia. Nilimchoma ganzi nyuma ya gego la mwisho, nikangoja, nikamgusa ufizi nikamuuliza kama anasikia kitu. Hakusikia. Nikaegemea upau wangu nikachukua koleo.

Ndipo nikaona Bwana Meno, aliyesimama ukutani, amekunja uso. Nikageuka. Mtahini alikuwa kushoto kwangu, midomo yake ikimalizia maneno. Alikuwa ameniuliza swali, labda zaidi ya moja. Kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kukisia. Nilikuwa stadi wa mambo hayo. Kwa miezi mingi nilikuwa nikikohoa huku nikitabasamu. Nikaweka koleo kwenye trei.

"Samahani, Bwana," nilisema. "Sikukusikia. Niliugua kifua kikuu, dawa ikaniua sikio la upande huo. Naomba uje huku kulia uniulize tena."

Mama yule kitini alinitazama, nusu ya uso wake imekufa ganzi, macho yake makubwa. Nilifikiri atainuka aondoke. Hakuinuka. Alifungua kinywa chake zaidi.

Mtahini akaifuta ile alama aliyokuwa ameanza kuandika, akazunguka kiti, akasimama upande wangu wa kulia, akauliza tena.